Kompyuta Haikuwa na Mahali pa Kidole Gumba

Mimi ni Peris, mjane wa mtaa wa Matisi hapa Kitale. Shule sikuiona, baba alisema msichana ataolewa tu. Shamba langu, lililoko kule mahali paitwapo Kwanza, nililinunua kupitia ushirika wetu wa wakulima, kwa kuchoma mahindi kando ya barabara mpaka moshi ukanila macho.

Siku ya mkataba nilitia kidole gumba. Kwetu, asiyejua kuandika husindikizwa na jamaa aliyesoma, naye huandika jina lake mwenyewe chini ya alama ili kushuhudia. Nilikwenda na Jotham, ndugu ya marehemu mume wangu, mwalimu wa Sirisia.

Mwaka jana ushirika ulileta kompyuta ya kuhifadhi karatasi. Karani, Bethwel, akaanza kupanga kila kitu kwa aina yake: shamba aina moja, mkataba aina nyingine, mwenye shamba aina nyingine, kisha anaviunganisha. Shahidi hakumfikiria. Kila jina lililosomeka kwenye mkataba akaliingiza kama mwenye shamba. Alama ya kidole haisomeki, basi nikaachwa nje.

Sikujua lolote mpaka nilipokuta trekta ya Jotham ikilima shamba langu. Nikakimbia ofisini.

"Mama, kwa mashine hii shamba ni ya Mwalimu Jotham," Bethwel akasema.

"Na kidole ni cha nani? Cha mbuzi?"

Akacheka. "Usikasirike, mama. Nitaongeza aina ya shahidi, nimhamishe huko. Lakini lazima yeye akubali."

Nikaenda Sirisia. Jotham alikuwa akinywa chai. Mkewe hakunipa hata kiti.

"Shemeji, njoo uwaambie ulikuwa shahidi tu."

"Ati shahidi? Mimi na kompyuta hatujakosana, bana."

"Jotham, si ni wewe ulinishika mkono nikitia kidole!"

"Kaka yangu ameshakufa. Kesho utaolewa mbali, na shamba yetu iende na wewe? Kunywa chai, shemeji, urudi nyumbani."

Sikuinywa.

Juma lililofuata Bethwel aliniita. Nilivaa kitambaa changu cha kanisani nikijua Mungu amemgusa Jotham. Kweli alikuwa amefika kabla yangu. Bethwel akanigeuzia kompyuta nione, kana kwamba ningesoma.

"Mwalimu ametueleza vizuri. Sasa hata wewe uko ndani, mama. Nimetengeneza ile aina mpya. Mwenye shamba: Jotham. Shahidi: Peris."

"Shahidi wa nini?"

"Wa kwamba shamba ni yake."

Nilipiga kelele mpaka watu wa foleni wakageuka. Mwenyekiti akatoka akasema kazi ya kompyuta imekwisha, mambo ya familia tukamalizie nyumbani. Jotham alikuwa akifuta miwani yake.

Mahindi ya kule Kwanza yalipofika magotini, Jotham aliniletea ujumbe kwa mdomo wa Joan, jirani yangu: palizi imeanza, kama nataka kibarua nije na jembe langu.

Nilienda. Unga ulikuwa umeisha.