Vifundo Vitatu vya Kushoto

Kazi yangu ni udalali wa ng'ombe katika soko la Tawa. Namzunguka fahali, namzunguka tena, halafu nasema kilo zake. Nimekosea mara chache, na mara hizo mizani ndiyo ilikuwa mbovu. Kwa hivyo dada yangu, aliyeolewa upande wa Kitui, aliponipigia simu kwamba wasomi wamekuja kumpima mnyama aliyekufa kabla binadamu hawajakuwepo, nilienda. Si kwa sababu ya mnyama. Kwa sababu ya waya.

Mifupa ilikuwa imeonekana kwenye ukingo wa mto wa mchanga, chini ya shamba lake. Wasomi wakazungushia waya, na ndani ya waya wakakifungia kisima chake, lile shimo la mchangani analochota maji kila kiangazi. Sasa alikuwa akienda kisima cha mbali, mitungi miwili asubuhi, miwili jioni, mgongo ukimuuma.

"Waulize tu wataondoka lini," akaniambia. "Wewe si ndiye wa kuongea?"

Mkuu wao alikuwa daktari, si wa dawa, mama wa makamo mwenye kofia pana kama sinia. Alinionyesha mfupa wa paja uliogeuka jiwe, akauzungushia utepe katikati.

"Huyu ni ndugu wa ndovu. Unene wa paja unatuambia uzito wake. Tani tano."

"Tano kamili?"

"Huenda nne. Huenda sita."

Nikamtazama kwa heshima mpya. Kule Tawa, mwambie mchinjaji kwamba fahali ni kilo mia nne, huenda mia tatu, huenda mia tano, na utarudi nyumbani na fahali wako pamoja na jina jipya. Huku unapewa udaktari.

"Na wewe mzee, kwa jicho lako?"

Nikauzunguka mfupa mara mbili. "Mbili na nusu. Na amekonda."

Dada yangu, aliyekuwa akipita na mtungi mgongoni, akacheka hadi akashika kiuno. "Usimsikize huyo, daktari. Anadhani unamuuzia."

Ni kweli. Nina jicho la kununua na jicho la kuuza, na la kununua ndilo huamka kwanza. Hata mzoga wa jiwe lazima niupunguze mwili.

Nikauliza wanyama hao wako wangapi. Wawili, akasema. Nikaitazama mifupa iliyojaa kwenye turubai, vipande themanini na vitatu. Nilihesabu tena, vikawa themanini na vitatu.

"Hii yote ni ya wanyama wawili?"

"Mnyama ana mifupa mingi, mzee, lakini kifundo cha mguu wa nyuma wa kushoto anacho kimoja tu. Nimepata viwili. Siwezi kusema watatu." Akanionyesha vyote viwili, juu mviringo, chini bapa, nundu upande mmoja.

Miaka yote ya udalali sijawahi kukutana na mtu aliyekataa kujiongezea mmoja. Nikamuuliza watakaa mpaka lini.

"Wakibaki wawili, tunafunga Ijumaa. Wakifika wanne, hilo ni kundi. Tutarudi msimu mwingine, na waya utabaki."

Nilimpelekea dada habari hiyo kama zawadi. Akasema Mungu ni mwema, akaongeza maharagwe kwenye sufuria. Yeye ndiye aliyewapikia wasomi wale.

Mchana nilikaa jikoni kungoja muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yanayochemka hadi mtu asahau njaa. Sikuwa na cha kuhesabu, nikahesabu mafiga. Matatu, bila shaka. Nikarudia, na mara hii nikayaona. Juu mviringo, chini bapa, na kila moja lina nundu upande uleule. Kushoto, kushoto, kushoto. Kwa siku kumi na moja wasomi walikuwa wakila chakula kilichopikwa juu ya kile walichokuwa wakikitafuta.

"Mwana wa mwaitu," dada akasema polepole, yaani mwana wa mama yetu. Alikuwa ameyafuata macho yangu. "Kula."

"Uliyatoa wapi haya?"

"Kula, nimekwambia."

"Dada, wapi?"

"Kisimani, nikichimba maji. Ni mawe mazuri, hayapasuki motoni. Sasa utaenda kunichongea?"

Kunyamaza kungekuwa rahisi. Nimewahi kudanganya umri wa ng'ombe mbele ya mzee wa kanisa bila kukohoa. Lakini wawili na watatu ni watano, na nje alikaa mtu ambaye hakutaka hata mmoja wa bure.

"Ukiyaficha," nikamwambia, "Ijumaa wanaondoka. Siku moja mwingine atakuja kuomba moto, ayaone, na waya urudi. Leo wewe ndiye mwenye mali. Usiepue sufuria."

"Na maji?"

"Hiyo ndiyo bei."

Nikamwita daktari. Aliingia akiinama, nikamwonyesha chini ya sufuria. Akapiga magoti, kofia ikaanguka kwenye majivu, asiiokote.

"Epueni sufuria," akanong'ona.

"Haijaiva," dada akasema.

"Mama, hivi ni vitu vya taifa."

"Na mimi ni wa wapi?"

Nikaingia kati, ndiyo kazi yangu. Nilianza kwa kudai waya wote utolewe, naye akaanza kwa kutoa hatua mbili. Tulipandishana na kushushana hadi makaa yakaanza kufifia. Mwisho waya ukakubaliwa kurudi nyuma, kisima kibaki nje yake, leo, kabla ya sufuria kuepuliwa. Na kwa kuwa vifundo vilitoka humo, dada ndiye atakayekichimba, kwa mkono, na akigusa kitu kigumu hatakiondoa mpaka daktari aone.

"Maji kwanza," dada akaongeza. "Nitachota ndipo nikuite."

"Sawa, mama."

Waya ukasogezwa. Muthokoi, kusema kweli, ulikuwa umeiva tangu saa sita.

Wasomi hawakuondoka Ijumaa, na dada alilalamika juu ya kelele zao huku akichota maji yake. Asubuhi ya tatu mkono wake uligusa kitu kigumu. Akajaza mitungi yote minne, ndipo akaita. Daktari aliteremka mbio, akafuta mchanga kwa brashi, nami nikachungulia begani kwake, mara mbili.

Kifundo. Cha kulia.

"Kwa hivyo wako sita?" dada akauliza, mtungi mgongoni.

"Hiki huenda ni cha mmoja wa wale wale," daktari akasema. "Bado watano."