Kiangazi Nilichoficha Maksai wa Watu

Ngozi mbichi ya ng'ombe ikilowekwa ndani ya pipa kwa siku tatu hutoa harufu inayopanda puani na kugoma kutoka, hata uoge, hata uhame. Mimi nimehama sana. Nimepika chakula cha wachimbaji wa dhahabu, nimeuza dagaa Mukendo pale Musoma mjini, nimevuna mtama wa watu Butiama kwa msimu mmoja, nimebeba mizigo ya wasafiri Kisorya panapopandiwa kivuko cha kwenda Ukerewe. Sijawahi kumaliza miaka miwili chini ya bati moja. Lakini popote ninapomkuta mtu akichana ngozi mbichi kupata kamba, miguu husimama yenyewe, na papo hapo ninakuwa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja, nje kidogo ya Bunda, upande wa Kabasa, mbele ya uwanja wa Wambura. Ni kiangazi. Wakulima wanachoma mabua ya pamba ya mwaka uliopita, moshi unawasha macho, ardhi imepasuka, na mbuzi wa bibi yangu wamekwishanitoroka.

Wambura alikuwa ametoka kifungoni. Alifungwa miaka saba kwa wizi wa ng'ombe, na hilo halikuwa jambo la kunong'onezana. Kwetu sisi tuliomjua ng'ombe kabla ya kuzijua herufi, jina la mwizi wa ng'ombe lilifahamika kuliko la diwani. Alirudi na mwenzake, Kefa, ambaye zamani alikuwa akivunja nyumba za watu Mukendo na huko ndani akafundishwa useremala. Mmoja hakuwa na ng'ombe, mwingine hakuwa na nyumba. Walikodi uwanja karibu na lambo la kunyweshea mifugo, Kefa akaanza kuchonga nira, na Wambura akatangaza kwamba anafundisha maksai kulima. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa vita. Dume changa lililohasiwa lilivishwa nira, wanaume watano wakalizunguka na fimbo, na jioni kulikuwa na plau lililovunjika na mtu anayechechemea. Wambura hakupiga. Alisimama ubavuni mwa mnyama, akamkuna chini ya taya, akaongea naye kwa sauti ya chini iliyotokea kooni, na baada ya muda maksai akaanza kutembea kana kwamba wazo lilikuwa lake. Kefa ndiye aliyenieleza kwamba ustadi huo haukutoka kifungoni. Mtu anayetoa ng'ombe wa mwenzake zizini hawezi kuwapiga, alisema. Lazima wamfuate kwa hiari yao.

Watu walimhitaji lakini hawakumwamini. Akipita njiani, mwenye mji aliwaita wanawe kwa sauti kubwa ili yeye asikie: "Wambura anapita! Hesabuni!" Watu wakacheka. Naye alijibu, "Hesabuni vizuri, msije mkanidai ndama ambaye hajazaliwa." Alicheka pia, lakini akishapita niliona shingo yake ilivyokaza. Na kila aliyeleta maksai alileta na kijana wake wa kuwalinda, ale na kulala pale pale mpaka mafunzo yaishe. Hakuna aliyesema wanalindwa dhidi ya nani. Hali hiyo ilimuuma Kefa zaidi. Nilimsikia akisema huku akipiga randa, "Msimu huu ukitushinda, mimi narudi mjini. Milango ya Mukendo bado naijua." Siku ile Wambura alifundisha jozi tatu bila kula.

Mimi nilikuwa nimeacha shule nikiwa darasa la nne. Sikufukuzwa. Nilikuwa nikiona lori linapita, najiuliza linakwenda wapi, na nikishajiuliza siwezi kukaa. Mwalimu alichoka, bibi aliyenilea akachoka zaidi, akanikabidhi mbuzi wake na kusema, "Haya, Nyangeta, hawa nao hawatuliagi. Mtaelewana." Kila asubuhi niliwapeleka lamboni, nikawaacha watawanyike, nikaenda kumchosha Wambura kwa maswali. Kwa nini maksai wa kushoto abaki kushoto siku zote? Kwa nini hawa wanakataa kutembea wakisikia pikipiki? Alijibu yote kwa utaratibu, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa kitu. Ndipo siku moja, akichana ngozi kwa kisu, nikamuuliza lile ambalo watu wazima walilizungumza mgongoni mwake tu.

"Mzee, ulikuwaga unawapitisha wapi hata nyayo zisionekane?"

Kisu kikasimama. Kefa akasema bila kuinua macho, "Usimjibu huyo. Ana mdomo kama mlango wa soko."

Wambura alinijibu. Lazima nieleze kwanza kwamba kwetu ng'ombe akiibwa hupigwa yowe, na kila anayelisikia huacha alichoshika na kufuata nyayo. Zikifika kwenye eneo la mtu, ni juu ya mtu huyo kuonyesha zilikoendelea baada ya hapo. Akishindwa, mzigo ni wake, na watu hawangoji mahakama. Kwa hiyo ufundi wote wa mwizi ulikuwa kwenye nyayo. Yeye, alisema, aliwapeleka ng'ombe lamboni, ambako nyayo za kila mji zimechanganyika, akawatembeza ndani ya maji kando kando mpaka kwenye jiwe kubwa upande wa mashariki. Jiwe halishiki unyayo. Wakishuka upande wa pili, alipitisha mbuzi nyuma yao, mara mbili, mpaka ardhi yote ikavurugika. Alinichorea mavumbini kwa ncha ya kisu. Na alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, niliyaona meno yake yote.

Wiki haikupita. Maksai wawili wa Mzee Manyama, mkulima wa pamba mwenye sauti ya kuita mvua, walikuwa wakipumzika kando ya lambo baada ya mazoezi ya asubuhi. Masatu, mwanawe aliyewalinda, alikuwa akioga upande wa pili, amejipaka sabuni mpaka machoni, anaimba. Jiwe lilikuwa pale. Mbuzi nilikuwa nao. Sikutaka kuiba chochote, na hata leo nikikosa usingizi bado najieleza hivyo. Nilitaka kujua mambo mawili: kama ile njia inafanya kazi kweli, na kama Wambura mwenyewe angeweza kuwapata. Nilimkuna wa kwanza chini ya taya, nikaongea kwa sauti ya kooni kama nilivyomsikia yeye, na wale wanyama wakubwa wakanifuata majini. Furaha ile ilinishika tumboni kama njaa. Tulipita majini, tukapanda jiwe, tukashuka, nikawafunga korongoni nyuma ya vichaka vya minyaa, kisha nikapitisha mbuzi mara mbili. Nilipanga kuwarudisha kabla jua halijafika utosini.

Yowe lilipigwa kabla sijawarudisha mbuzi lamboni. Masatu alilipiga akiwa bado na povu kichwani. Wanaume wakaja kutoka kwenye mashamba yanayoungua, wameshika fimbo na mapanga, nyuso nyeusi kwa masizi. Nyayo zilizo wazi zilitoka kwenye uwanja wa Wambura zikaishia majini. Mzee Manyama akafuata ukingo mpaka kwenye jiwe, akainama, kisha akanyooka polepole.

"Ni hapa hapa walipopotelea wale wangu wa zamani," alisema. "Hii kazi naijua ni ya mkono wa nani."

Walimtoa Wambura uwanjani akiwa ameshika nira. Kefa alitoka na tezo yake ya kuchongea mkononi, mtu mmoja akamfokea, "Weka chini, mvunja nyumba!" akaiweka. Mzee Manyama akasema maneno ya desturi: nyayo zimeishia kwako, onyesha zilikoendelea. Wambura akapanda jiwe, nasi wote nyuma yake, mimi na mbuzi wangu pia, kwa sababu hata kwa hofu ile sikuweza kutotazama. Akashuka upande wa pili, akachuchumaa. Katikati ya kwato zile ndogo kulikuwa na unyayo mmoja wa mguu mtupu, wa mtoto, vidole vyote vitano wazi. Niliuona nilipomwona anauona. Akainuka, akausogelea, akaweka katambuga, kiatu chake cha tairi, juu yake, akakanyaga.

"Sioni kitu," alisema Wambura, mtu aliyeweza kusoma unyayo wa juzi.

Fimbo ya kwanza ilimpata begani. "Miaka saba haikukutosha?" Ya pili sikuona ilipompata. Alibaki amesimama pale pale, hakuondoa mguu. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wamekwishakwenda shambani na kurudi na mabua makavu ya pamba kwapani, na hakuna aliyewauliza ya nini. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kitu ambacho darasani kilinishinda kabisa. Siku ile kilikuwa rahisi ajabu. Ulimi ulikuwa mzito kama wa ng'ombe. Mtu mzima alikuwa amekwishaniamulia kwamba nitapona, na mwili wangu wote ulitaka kukubali.

"Ni mimi," nikasema, na hakuna aliyesikia. Nikavuta shati la Mzee Manyama. "Ni mimi niliyewaficha!"

Watu wakacheka kwa hasira. "Ameona afundishe hata watoto kusema uongo!" Basi nikakimbia. Nilishuka korongoni, nikafungua kamba, nikapanda nao nikiwasemesha kwa ile sauti ya kooni, maksai wawili nyuma ya mtoto mwenye mguu mtupu, na nilipofika juu hapakuwa na sauti nyingine.

"Nani alikufundisha?" akauliza Mzee Manyama.

Nikatazama chini. "Mimi," akajibu Wambura, damu ikimtoka sikioni. "Alichofanya ni chake. Njia ni yangu."

Hakuna aliyeomba radhi. Mzee Manyama aliondoka na maksai wake na mwanawe saa hiyo hiyo, na wenye mifugo wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja akitazama pembeni, mpaka uwanja ukabaki na nira zinazosubiri shingo. Bibi alinichapa fimbo ikakatika, akaenda kutafuta nyingine. Siku nne nilipita kwa mbali nikaona uwanja mtupu. Siku ya nne Kefa alikuwa akifunga vyombo vyake kwenye gunia, na mimi, peke yangu katika kijiji kizima, nilijua anakwenda kwenye milango gani na nani amempeleka huko.

Siku ya tano Mzee Manyama alirudi. Alikuwa anawaswaga maksai wake wawili, bila Masatu. Alisimama mlangoni mwa uwanja, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika barabarani.

"Nilirudi peke yangu kwenye lile jiwe," alisema. "Nimeona ulikanyaga nini. Vidole viwili vya mtoto vimebaki kando ya alama ya katambuga yako."

Akawasukuma maksai ndani ya uwanja.

"Masatu ana kazi nyumbani. Hawa watalala kwako wenyewe." Kisha, kama mtu aliyekumbuka hasira yake, akaongeza, "Na huyo wa kushoto bado ana kichwa kigumu. Umfundishe, siyo umbembeleze!"

Wiki ile walirudi jozi sita. Kefa akafungua gunia.

Mwaka huu nimepita Bunda tena. Matrekta yapo, lakini mashamba madogo yenye mawe bado yanamtaka ng'ombe, na watoto wa Wambura wana viwanja viwili vya mafunzo. Wakulima hutoka hata Kisorya kuwafuata. Kefa ana karakana mjini. Anatengeneza milango, na wateja humwomba afunge na vitasa, kwa sababu wanasema vitasa vya Kefa havifunguki kwa mwizi. Nilimkuta Wambura amekaa kivulini mwa ukuta wa karakana hiyo hiyo, amezeeka, nikamuuliza swali nililozunguka nalo kwa miaka yote hii: kwa nini alinionyesha ile njia?

"Nilijivuna," alisema. Hakufikiri hata kidogo. "Nilitoka kifungoni nikadhani wizi nimeuacha. Kumbe nilikuwa nimeacha kuiba tu. Ulipouliza nilijisikia kama fundi anayesifiwa. Fimbo zile, mwanangu, hazikuwa za bure."

Ninawafahamu watu wengi waliobadilika, maana kwenye machimbo na kwenye magati hukutana nao, na kila mmoja ana hadithi ya siku moja aliyogeuka. Sikuwahi kuziamini hadithi hizo vizuri. Wambura hakugeuka siku moja. Alikaa mahali pamoja akibadilika mbele ya watu waliomjua, wakimhesabia mifugo yao masikioni, miaka na miaka, na mimi ambaye sikuwahi kumwibia mtu hata sindano sijaweza kukaa mbele ya watu wale wale kwa muda wa kumaliza mavuno.

Tukiwa bado tunaongea, akaja kijana mmoja akikokota pikipiki na kuongoza kwa kamba maksai wawili wapya, weusi, bado wanatikisa vichwa. Aliwaulizia vijana wa Wambura, akaambiwa wako shambani. Wambura akamtazama, akasema kwa upole, "Kabla hujaniachia hao, ujue mimi nilifungwa miaka saba. Kwa ng'ombe."

Kijana akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, wewe!"

Wambura akanigeukia, akitafuta shahidi. "Ni kweli," nikasema. "Mimi namjua."

Kijana akazidi kucheka, akituona mzee na mama mmoja wenye mizaha. Akamwekea Wambura kamba zote mbili mkononi, akapanda pikipiki yake, akaondoka akipiga mluzi, wala hakugeuka nyuma.