Mapigo Mawili ya Kunyamaza

Miaka ishirini na sita Mama Kwaya alifundisha watoto kuimba katika shule ile, na hakuna aliyewahi kumwuliza cheti. Watoto waliingia darasani kwake na makelele kama kuku waliomwona mwewe, wakatoka wakiimba sauti nne. Halafu likaja agizo: asiye na cheti cha muziki mpaka mwisho wa mwaka, asikanyage darasa la muziki. Mkuu wa shule alimsomea karatasi macho yakiwa dirishani. "Mimi ni mjumbe tu, mama." Haya, mjumbe hauawi, tunajua. Lakini wengine wanastahili angalau kofi.

Basi, bibi wa wajukuu watano akajiandikisha chuoni. Kila Jumamosi asubuhi alijibana kwenye kiti cha vijana, magoti yakigota chini ya meza. Do-re-mi yake aliijua vizuri, lakini ile mistari mitano na nota zake ilimtoa jasho. Wenzake, rika la kitinda mimba wake, walimwita Bibi Nota. "Chekeni tu," aliwaambia. "Ng'ombe hazeeki maini."

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimchorea mistari kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Wakapanga vifungo: vyeusi nota fupi, vyeupe nota ndefu. Akikosea, mzee anagonga meza kwa rula. "Rudia, mwanafunzi, au upige magoti!"

"Nikipiga magoti, wa kuninyanyua ni wewe."

Mtihani wa kuandika aliufaulu vizuri. Ukabaki wa kuimba: unapewa wimbo kwenye karatasi, unautazama dakika moja, unaimba.

Mtahini alikuwa kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Alifungua kitabu cha nyimbo za shule, akamsogezea. Mama Kwaya alisoma mstari wa kwanza kwa taabu, wa pili kwa wepesi, kisha akaacha kabisa kusoma. Lo! Wimbo ulikuwa wake. Aliutunga mwenyewe, mwaka alipomzika kifungua mimba wake, binti wa miaka tisa. Juu ya ukurasa paliandikwa: Mtunzi hajulikani.

"Mwanangu, wimbo huu nimeutunga mimi."

"Mama, muda unakwenda. Imba kilichoandikwa."

Akaimba. Aliuimba kama ulivyomtoka moyoni mwaka ule, na hata yule kijana kalamu ilisimama. Lakini alipomaliza, kijana akatikisa kichwa. "Hapa umeruka." Kidole chake kilikuwa juu ya alama ya kunyamaza, mapigo mawili, katikati ya mstari wa tatu, kabla ya neno "mwanangu".

Ndipo alipokumbuka. Bwana mmoja alikuja shuleni siku hizo na kinasa sauti, akikusanya nyimbo, akamwomba aimbe peke yake. Mazishi yalikuwa na miezi minne tu. Alipofika kwenye neno lile kwikwi ya kilio ikamkatisha, akameza machozi, akaendelea. Kumbe yule bwana alikwenda kuihesabu hata ile kwikwi, akaiandika kama kimya.

"Hapo sikunyamaza," Mama Kwaya alisema. "Hapo nililia."

"Kwenye karatasi ni kimya, mama."

Akafeli kwa alama tatu. Utaratibu ulimpa mwezi mmoja arudie wimbo uleule, mara moja tu.

Mumewe aliwaka moto. Alitaka waandike barua, waende kwa wakubwa, wampate huyo mwizi mwenye kinasa sauti. Mama Kwaya alimwacha mpaka akachoka. "Baba, sikiliza. Baada ya msiba ule ni wale watoto walioniinua kitandani. Nikiamka asubuhi sina darasa, nitaamkia nini?"

Mzee akachukua chaki. Akachora mistari, akapanga vifungo, na penye mapigo mawili akaacha nafasi. Mkewe akaimba, akafika pale, akafunga mdomo. "Moja, mbili," alinong'ona, akaendelea.

"Mke wangu," mzee alisema, "unampigia mtoto hesabu?"

"Wamesema mbili."

Mzee aliweka rula chini, akatoka nje, na mwezi ule hakumsaidia tena. Mama Kwaya alijifunza peke yake. Mara ya kwanza alishindwa, mara ya kumi pia. Kufikia wiki ya tatu alipapita mahali pale bila kuhisi kitu, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya kurudia, aliimba macho makavu, kidole gumba cha mguu kikihesabu ndani ya kiatu. Moja. Mbili. Mwanangu.

Mtahini alitabasamu mpaka meno ya nyuma. "Umeona, mama? Hapo kwenye kimya ndipo wimbo unaponoga."

Mama Kwaya akasema asante, akatia sahihi kwenye fomu ya waliofaulu, mahali alipoonyeshwa.