Mgema wa Kalisempu na Vichupa vya Wenzake

Saa moja unusu asubuhi, Tarsum anashuka kutoka mnazi wa ishirini na nane, ambao ndio wa mwisho. Vibuyu vya mianzi vimejaa tembo tamu la kupikia sukari guru. Kotama, kisu chake cha kugemea, bado iko kiunoni. Ameshuka polepole, maana ana miaka hamsini na miwili na umande wa leo umeutelezesha mti.

Hapumziki. Anamimina tembo kwenye karai la jikoni, anaosha mikono hadi viwiko, anavaa shati safi. Kisha anachukua mfuko mdogo wa kitambaa cha batiki uliotundikwa msumarini, anauning'iniza shingoni ndani ya shati, mpaka unagusa tumbo.

"Nenda," anasema Bibi Karsini, mama mkwe wake, bila kugeuka kutoka motoni. "Tembo likichelewa linachacha. Na hicho nacho ni hivyo hivyo."

Hapa Kalisempu, kijiji cha wagema kwenye milima ya Banyumas, kila mtu anajua mfuko ule unabeba nini. Unabeba manii ya wanaume waliofunga uzazi, yakapimwe mjini.

Mwanamume akishafungwa mirija, hawi salama siku ile ile. Mbegu zilizobaki njiani zinaweza kukaa miezi. Ndiyo maana huambiwa asubiri miezi mitatu, yeye na mkewe waendelee kutumia kinga, kisha alete kichupa. Kichupa kifike maabara ndani ya saa moja, kikiwa bado na joto la mwili. Karatasi ikisema sifuri, basi. Isiposema sifuri, bado.

Ni maneno machache tu, hata mtoto angeyashika. Lakini wanaume hawa, wanaokwea minazi mara mbili kwa siku bila kamba, dirisha la maabara huwashinda.

Leo ni zamu ya Darkim, mgema mwenzake, kijana wa miaka thelathini na minne. Ana watoto wanne. Mkewe, Wartini, ana ugonjwa wa moyo, na daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba mimba ya tano itamwua. Darkim akasema basi nifungeni mimi.

Hii ni mara yake ya pili kupima. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, karatasi ilisema bado.

Tarsum anazima pikipiki mbali kidogo na nyumba, anakohoa, anaketi barazani na kuupa mlango mgongo. Kuta za nyumba hizi ni mianzi iliyosukwa. Ukipiga chafya, jirani anakuombea rehema. Wartini amewatuma watoto wote wakaoshe vyombo kisimani, na yeye mwenyewe ameketi mlangoni na ungo wa mchele, analinda kama askari.

"Darkim," Tarsum anaita kwa sauti ya chini. "Unachimba kisima humo?"

"Ngoja, Kang! Jogoo wa jirani ameingia, ananikodolea macho," anajibu Darkim kutoka ndani, akimwita kaka kwa lugha ya huku.

"Mfukuze."

"Nimemfukuza. Amerudi na mwenzake."

Wartini anacheka mpaka anashika kifua. Mkono unakaa pale kifuani, na Tarsum anageuka kumtazama. Kisha anaushusha, anaendelea kuchambua mchele.

Darkim anatoka na taulo begani. Kichupa amekizungushia gazeti, na juu yake ameandika jina lake na saa: mbili na dakika tano. Anakipitisha kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anayempa mkubwa wake kikombe cha chai, ila macho yake yako kwenye kuku. Halafu anaelekea kisimani kuoga josho la janaba.

Mama mmoja anapita na kuni kichwani. "Yaa, Darkim! Josho la saa hizi, tena siku ya kazi? Heri yako!"

"Heri yangu inakwenda mjini na Kang Tarsum, Yu, dada yangu! Mtakie safari njema!"

Kicheko cha huyo mama kinasikika mpaka ng'ambo ya mashamba. Tarsum hacheki. Ameshaingiza kichupa kwenye mfuko, ameshafunga vifungo vya shati, ameshawasha pikipiki.

Kwenda mjini ni kilomita kumi na nne. Njiani hasimami. Anayempungia mkono anajibiwa kwa honi. Leo ni siku ya soko na barabara kubwa imejaa mikokoteni, kwa hiyo anapita kwenye matuta ya mpunga, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika tumbo. Mtu asiyemjua angedhani anaumwa.

Dirisha la maabara lina tundu dogo chini ya kioo. Hatua tatu nyuma yake kuna benchi refu, na wagonjwa wote walioketi pale wanatazama dirishani, kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama. Ndani yumo mama mwenye ushungi mweupe, Bu Laeli, kama watu wanavyomwita kwa heshima.

"Cha Darkim, Bu. Saa mbili na dakika tano."

"Saa mbili na hamsini," anasema Bu Laeli akiitazama saa ya ukutani, anaandika. "Umewahi, Pak," anaongeza, akimwita baba.

Tarsum anaketi mwisho wa benchi. Anaweza kurudi nyumbani, karatasi ikafuatwa kesho. Hajawahi kufanya hivyo hata mara moja.

Dirisha hilo analijua. Miaka kumi iliyopita alisimama hapo hapo na kichupa chake mwenyewe.

Mkewe aliitwa Rasiyem. Alipojifungua mtoto wa tatu alitoka damu siku mbili, nusura wampoteze. Tarsum akaenda kufungwa. Wenzake walimcheka, wakasema Tarsum kahasiwa kama fahali wa kulimia. Aliyavumilia hayo. Miezi mitatu ilipotimia, Rasiyem akachukua kipande kilichobaki kwenye nguo ya harusi yao, akamshonea mfuko ili watu wasione alichobeba.

"Nilifika na joto lake," Tarsum anasimulia. "Nikainama dirishani. Nikamwona Laeli. Ndiyo kwanza ameanza kazi. Ni binti wa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, yule aliyenifundisha alifu mpaka nikahitimu. Huyu binti nilimbeba mabegani. Sasa nimpe kile? Mbele ya watu wa benchi?"

Akasema amekuja kuuliza njia ya chooni.

Nyuma ya jengo kuna mfereji wa kupeleka maji mashambani. Akamwaga kichupa humo. Akakisuuza. Akaufua na mfuko, sijui kwa nini, anasema, haukuwa umechafuka.

"Nyumbani Rasiyem akaniuliza, 'Wamesemaje, Kang?' Nikamwambia, 'Safi.' Neno moja tu."

Jioni ile Rasiyem alipika wali wa manjano, akaurundika kama mlima, akaita majirani waje kuomba dua na kula. Ndivyo ilivyo huku. Jambo likiisha salama, watu hulila pamoja, na likishaliwa limefungwa. Hata Tarsum, anasema, alipokuwa akiitikia amina alianza kuamini kwamba kweli ni safi. Wanawake wakamtania Rasiyem kwamba sasa atalala bila kuhesabu siku. Kijiji kizima kikala, kikajua.

Baada ya miezi miwili Rasiyem akashika mimba.

Kijiji kilichokula wali kikaanza kuhesabu. Akifika kisimani, maneno yanakatika. Aliyekuja kuchota maji aliiacha ndoo yake akaondoka, asisimame karibu naye. Na Rasiyem mwenyewe aliliamini lile neno "safi".

Usiku mmoja alikuja chumbani na msahafu umefunikwa kwa kitambaa.

"Akaniambia, 'Kang, sijui imekuwaje. Wallahi sijaguswa na mtu mwingine.' Akaweka mkono juu ya msahafu." Tarsum anatazama mikono yake, iliyopasuka kwa magome ya minazi. "Nami nilikuwa najua. Nikamwacha aape."

Kesho yake alienda mji mwingine, mbali, ambako hakuna aliyemjua, akatoa kichupa. Karatasi ikasema mbegu bado zipo, chache, na ziko hai. Akaikunja mara nne, akaichomeka kwenye paa juu ya kitanda. Ikakaa huko miezi miwili, na chini yake Rasiyem akikonda.

Alipomwambia hatimaye, Rasiyem hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniambia mapema, Kang, ningelala usingizi."

"Afadhali angenitukana," anasema Tarsum.

Rasiyem alimwomba kitu kimoja: amwambie mama yake, yule Bibi Karsini, ambaye alikuwa ameacha kupokea salamu ya binti yake. Tarsum akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mwezi wa nane damu ikaja kabla ya uchungu, na gari la kumshusha hospitali lilipofika, mtoto wa kike alikuwa ameshatoka, analia, na mama yake hasikii.

Siku ya saba ya msiba, watu wakiwa bado kwenye jamvi na dua imeshaisha, Tarsum alisimama. Akaitoa ile karatasi, akaisoma mbele ya wote, tarehe na yote. Mwalimu wake wa chuo alikuwapo. Bibi Karsini alikuwapo, nyuma ya pazia, na wanawake wa kisimani.

Ukimwuliza leo Bibi Karsini kama alimsamehe, anakoroga karai lake kwanza. "Mimi napika sukari yake," anasema. "Hayo mengine Mungu anajua."

Nusu mwaka baada ya maziko, Tarsum alirudi kwenye dirisha la mjini na kichupa cha pili. Safari hii alikipitisha. Karatasi ikasema sifuri.

Bu Laeli anaikumbuka siku hiyo, maana Tarsum alilia pale dirishani na watu wa benchi wakadhani ameambiwa ana saratani. "Kwangu ni kichupa tu," anasema. "Napokea mikojo, makohozi, vinyesi, kila siku ya Mungu. Laiti angenipa ile mara ya kwanza. Unadhani ningemtazama yeye? Ningeitazama saa."

Ndipo kazi hii ilipoanza. Mgema mmoja alimnong'oneza kwamba naye amefungwa, naye kichupa kinamshinda. Tarsum akamwambia, lete nikubebee. Mpaka leo amebeba vichupa arobaini na kimoja. Wanamwita Bwana Posta. Humtania asipige breki za ghafla, amebeba ukoo wa watu.

Halipwi. Siku njema anapata kilo nane za sukari, na kilo ni rupia elfu kumi na tano, na humo humo anatoa petroli. Wengine humwachia ndizi barazani. Wengine hawampi kitu na wakikutana naye sokoni hutazama pembeni. Haimsumbui.

Ana sharti moja tu. Habari haipeleki kwa mdomo. Anangoja karatasi, na akirudi anaiweka kwenye mkono wa mke, si wa mume.

"Mdomo wangu ulishadanganya," anasema. "Sasa napeleka karatasi."

Saa nne kasorobo Bu Laeli anagonga kioo. Tarsum anapokea, anasoma pale pale, midomo ikitembea. Anaikunja mara moja tu na kuitia mfukoni.

Wartini anamsikia akija, anasimama mlangoni. Darkim yuko nyuma yake, nywele zimeshakauka. Hakuna anayetania. Wartini anaifungua karatasi na kusoma polepole.

Mbegu bado zipo. Chache kuliko mwezi uliopita, lakini zipo.

Darkim anaapiza kwa sauti ya chini, anapiga teke ndoo. "Miezi minne, Kang! Hizi ni mbegu au ni kunguni?"

"Usipige ndoo yangu," anasema Wartini. Anaikunja karatasi, anaiweka kwenye kopo la chumvi, mahali anapoweka vitu vya maana. "Tutaendelea na kinga. Mwezi ujao, Kang, uje tena. Na huyo jogoo nitakuwa nimeshampika." Kisha anasema, kwa sauti nyingine, "Asante. Heri kujua."

Tarsum anaitikia kwa kichwa. Anaondoka upesi kidogo.

Anachokitamani kwa kijiji si kikubwa. Angependa lile dirisha la mjini ligeuzwe litazame ukuta, benchi lihamishwe, basi. Ameshaomba mara mbili, na wamemwambia wataliangalia. Siku hiyo ikifika, wanaume watapeleka vichupa vyao wenyewe, naye atabaki na minazi yake.

Lakini lipo lingine. Yule mtoto aliyezaliwa siku ile anaitwa Rasmini. Ana miaka tisa, anasoma darasa la tatu, na meno yake ya mbele yamepishana kama ya baba yake. Hajaambiwa. Tarsum anajua kisima kina midomo, na ipo siku mmoja utamwambia.

Ile karatasi iliyokuwa kwenye paa sasa iko sandukuni, ndani ya plastiki. Rasmini akimaliza darasa la sita atampa aisome mwenyewe, na tarehe yake, ajue kwamba mama yake aliapa kweli.

Jua limepanda. Bibi Karsini anaita, karai linataka kuni. Tarsum anaufua mfuko wa batiki, anaukamua, anautundika msumarini.

"Akishasoma ataniuliza kwa nini nilinyamaza," anasema. "Hilo halina karatasi. Hilo itabidi nimjibu kwa mdomo."