Kaaha na Programu Iliyopisha Wageni

Habari za Kaaha niulizeni mimi, maana wengine watawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tulisoma naye chuo kimoja hapa Garissa, mwaka wa tisini na sita, darasa la programu za mifumo. Binti wa wafugaji wa Tarbaj, mrefu, mcheshi, anabonyeza kibodi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Na bado mwalimu alisimama zaidi nyuma ya kiti chake kuliko changu. Roho iliniuma, sifichi.

Muhula wa mwisho mwalimu wetu, mtu wa Kitui, akatangaza kuwa chuo kitaajiri msaidizi mmoja wa maabara. Atakayelifanya vizuri zaidi zoezi la mwisho ndiye atakayepewa kazi. Wallahi, niliitaka kazi ile hadi chakula hakishuki. Zoezi lenyewe lilikuwa hivi: programu kadhaa zinaandika kwenye faili moja. Zikiandika kwa pamoja maandishi yanavurugika, kwa hiyo lazima uzipange zipeane zamu.

Mimi nikazipanga foleni. Iliyotangulia iandike, itoke, inayofuata iingie. Basi. Kaaha akaja na mambo ya kwao.

"Walaal Nimo, dada yangu," akaniambia, "kisimani mifugo hunywa kwa zamu. Lakini aliyetoka mbali na ngamia wenye kiu anapishwa. Utamwacha mgeni asimame juani?"

"Hiki si kisima, Kaaha. Ni kompyuta."

"Hata kompyuta ifundishwe adabu."

Adabu! Moyoni nikaomba mwalimu asiyasikie maneno yale, maana angeyapenda.

Siku ya majaribio mwalimu akaanza na kazi yangu. Ilienda barabara. Akasema, "Sawa," akatia alama, akasonga mbele. Sawa tu, kana kwamba nimemfungulia dirisha.

Kisha Kaaha akamsimulia habari za kisima chake na wageni, naye mwalimu akaiwasha programu yake. Kila programu mpya iliyofika ilihesabiwa mgeni, ikapishwa. Mwalimu akaongeza nyingine, na nyingine tena. Wageni wakaandika, wakaandika, huku programu ya kwanza kabisa, ile ya mwenyeji, ikingoja pale pale. Haikupata kuandika hata neno moja.

"Kaaha!" mwalimu akapiga kelele. "Mwenye kisima amekufa kwa kiu!"

Alicheka mpaka akavua miwani apanguse macho. Darasa zima likaangua kicheko, na Kaaha mwenyewe akashika mbavu. "Maskini, nimemsahau mwenye kisima!"

Mimi sikucheka. Miezi yote ile nilikuwa nikingoja akosee, na alipokosea, kosa lake likapendwa kuliko usahihi wangu.

Kazi nilipewa mimi. Kaaha alinikumbatia akanipa hongera, na ilitoka moyoni, jambo lililonichoma zaidi. Akarudi kwao Tarbaj, akaanza kufundisha hesabu shuleni.

Mnadhani niliridhika? Wapi! Mwalimu aliihifadhi programu ile mbovu kwenye mashine ya mbele. Kila mwaka wanafunzi wapya wakiingia, ananiita: "Nimo, hebu waonyeshe ile ya Kaaha." Naiwasha kwa mikono yangu mwenyewe. Wanacheka, wanaelewa papo hapo, kisha wananizunguka: huyo Kaaha ni nani, yuko wapi, atakuja lini kututembelea?

Nawajibu yuko Tarbaj. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza iliyo sahihi iliandikwa na nani.