Kisiwa cha Kwenye Miwani

Mie sina imani na mtu anayenipa chai kabla sijauliza bei. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo mtaa wa Deira, hapa Dubai, kupokea maboksi ya watu wanaotuma vitu Mombasa, na kila boksi lazima nilifungue kwanza. Ukiniambia ni mashuka, nayashika hayo mashuka. Nimekuta mengi mle ndani, mengine siwezi kuyasema hapa.

Basi dada yangu mkubwa aliponiambia anataka kununua sehemu ya nyumba kwenye kisiwa kidogo huko Karibiani, roho haikutulia. Dada alikuwa mpishi wa familia moja Dubai tangu mimi nasoma. Watoto wa madam walikuwa wameshakua, na madam, yule tajiri wake, alishamwambia kuwa mwaka ule ndio wa mwisho. Kazi ikiisha, na ukaazi wa Dubai umekwisha. Nyumbani nako hakukuwa na pa kurudi. Nyumba aliyoijenga kwa jasho la Uarabuni, kaka yetu aliiandikisha kwa jina lake mwenyewe akamweka mkewe ndani. Akiba iliyobaki dada alitaka imnunulie mahali ambapo hakuna mtu atakayemwambia fungasha, na wakala wa kisiwa alishamwahidi kuwa anayenunua anapewa na ukaazi wa huko.

Ijumaa tukaenda mtaa wa Oud Metha kwa huyo wakala. Alikuwa Mkenya mwenzetu, bwana wa suti, Kiswahili laini, kila neno "mama zangu". Chai ikaja na tende. Yangu nikaiacha ipoe.

"Leo mtatembelea kisiwa," akasema, akatoa miwani kubwa nyeusi ya kufunga kichwani. Ukiivaa unaiona ile nyumba kama uko pale pale, na ukigeuka unaona upande mwingine. Dada akavaa. Akanyoosha mkono kushika nguzo ya baraza, akashika hewa, na machozi yakamteremka chini ya miwani. Nilimwonea uchungu, tena hasira zikanipanda, maana yule bwana alikuwa ameshaisogeza kalamu.

Nikasema na mie nataka kuvaa. Bahari nikaipa mgongo, nikatazama uani. Nilitafuta kamba ya nguo, tangi la maji, kuku, hata njia ya kwendea dukani. Hapakuwa na kitu.

"Jirani ni nani?" nikamuuliza.

"Ni mahali pa faragha, mama."

"Sawa. Tukitaka kujua kama kiwanja kina kesi, tumuulize nani?"

Akacheka, akamgeukia dada. "Mdogo wako ana mashaka."

"Ninayo tele," nikasema. "Na huo ukaazi, mwenye kipande anapewa sawasawa na mwenye nyumba nzima?"

"Inshallah."

Nimeuliza ndiyo au la, napewa inshallah! Nikamwambia dada, khalas, inuka twende. Akainuka bila ubishi, akamshukuru yule bwana kwa chai.

Njia nzima kwenda metro nilikuwa naongea mimi tu, kichwa kimevimba. Nikamweleza kuwa kiwanja kwanza unauliza majirani, hati baadaye, na kwamba mtu asiyeonyesha jirani ana lake jambo. Tulipofika jukwaani dada akanigeukia.

"Ile ya nyumbani ilikuwa na majirani kila upande," akasema. "Wote wananijua. Siku ya kuezeka walikula pilau yangu. Na siku niliyofungiwa mlango walisimama pale pale, wakitazama."

"Lakini dada, yule angekuibia."

"Najua." Akajifunga mtandio vizuri, akanitazama. "Umenizuia, na ahsante. Sasa nambie, mdogo wangu, nikazeeke wapi?"

Mie mwenyewe nilikuwa nalipia kitanda tu, cha juu, kwenye chumba cha wanawake wengine. Treni ikaja. Nikamshika mkono tukapanda.