Safari ya Ng'ambo Bila Kutoka Dukani

Mama yangu mkubwa alinyimwa safari na watu ambao hawakumuuliza hata mara moja kama anaiweza. Binti yake wa pekee, aishiye ng'ambo, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza na alitaka kumtumia tiketi. Mjomba akampigia simu kumkataza. "Zaidi ya kilomita elfu tisa, saa kumi na moja hewani, na miguu ile inayovimba? Mama yako hatafika mzima." Mwanamke aliyezeekea mbele ya cherehani anaambiwa hawezi kukaa! Hadi leo damu inanichemka.

Yeye alicheka tu. Aliweka kiti katikati ya duka lake la ushonaji, akajifunga kiunoni kwa tepu ya kupimia, akatangaza: "Leo sishoni. Leo naruka."

Saa moja asubuhi tukapaa. Kinyozi wa duka la pili alijipa urubani, akawa anatutangazia hali ya hewa kupitia kopo tupu la mafuta ya nywele. Kwenda msalani aliruhusu. Kusimama kunyoosha miguu alikataza kabisa, eti ndege itaelemea upande. Mimi, na shahada yangu, sikubisha. Sikuwahi kupanda ndege. Niliketi dirishani, nikitazama ukuta.

Mteja mmoja akachungulia. "Fundi, sketi yangu iko tayari?"

"Tayari, mwanangu, ila imebaki chini. Mimi niko mawinguni."

Mteja akaketi nyuma yetu, akaagiza chai.

Kufikia adhuhuri duka lilijaa abiria. Mjomba akatokea mlangoni, amekunja uso.

"Dada, hebu shuka. Watu wanakucheka."

"Tuko juu ya bahari, mdogo wangu. Nishukie wapi?"

"Mzee, keti ufunge mkanda," rubani akamwamuru. "Mbele kuna mtikisiko." Kisha akatutikisia viti kimoja kimoja, tukacheka hadi machozi.

Mjomba aliketi ili atuonyeshe jinsi safari ilivyo mateso. Alituonyesha kweli: bahari haijaisha, akainuka ameshika kiuno, akilaumu kiti.

"Mabibi na mabwana," kopo likanguruma, "abiria mmoja amejitupa."

Jioni tukatua. Miguu ya mama mkubwa ilikuwa imevimba kama mikate, naye akacheza nayo dansi hapohapo, akizunguka cherehani huku abiria wote wakipiga makofi. Mjomba aliitazama ile miguu, akajitazama mwenyewe, akatoa simu. "Mtumie mama yako tiketi," alimwambia mpwa wake. "Mimi usinitumie."

Mama mkubwa aliondoka wiki iliyofuata. Alipofika alitupigia kwa hasira, hata salamu hakutoa: "Nyie! Kumbe kwenye ndege watu wanasimama na kutembea wapendavyo!"

Mjukuu alizaliwa tarehe 19 Juni 2022, bibi yake akiwa amesimama mlangoni.